Mashine Imtumikie Mgonjwa Aliye Mbele Yake



Neno linalovuma siku hizi katika mambo ya afya ni "kuunganishwa". Twaambiwa kituo kimeunganishwa, jokofu la chanjo limeunganishwa, kipimo cha presha kimeunganishwa. Na mgonjwa mwenyewe, akivishwa kidude mkononi au akibandikwa kingine begani cha kupima sukari, naye huhesabiwa kuwa ameunganishwa. Husemwa kwa furaha, kana kwamba kuunganishwa ni sawasawa na kutibiwa. Sisi wa Tume ya Haki na Amani tumeona yafaa tuulize swali ambalo halivumi: mgonjwa huyo ameunganishwa na nani, kwa idhini ya nani, na siku uzi huo ukikatika atabaki na nini?

Tueleze kwanza kinachozungumzwa, maana wapo kati yetu ambao hawajapata kukiona. Zamani mashine ya hospitali ilikuwa na kazi moja: ilipima, ikamwonyesha jibu yule aliyekuwa mbele yake. Mashine za sasa zina kazi mbili. Hupima, kisha huipeleka habari ya kipimo kwa njia ya intaneti kwenye kompyuta iliyo mbali, aghalabu nje ya nchi, ambako huhifadhiwa na kuchambuliwa, ndipo irudishwe kwa daktari, kwa mgonjwa, au kwa mwenye kiwanda. Betri ya moyo iliyopandikizwa kifuani yaweza kutoa taarifa usiku mwenyewe akiwa amelala. Jokofu la chanjo laweza kutuma ujumbe kwamba joto limepanda. Picha ya eksirei iliyopigwa Unguja yaweza kusomwa na daktari aliye bara jingine. Kazi ya kwanza haina mgogoro. Ni hiyo ya pili inayotudai tufikiri.

Na tuseme mapema kwamba hatuandiki kwa hofu ya kishirikina. Wapo waamini, baadhi yao wakiwa viongozi wa sala, wanaoona katika kila kidude cha namna hii ile namba ya mnyama inayotajwa katika Kitabu cha Ufunuo. Hoja hiyo hatuishiki. Mtu aliyewekewa betri ya moyo katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete kule Dar es Salaam, akarudi na boti na kupanda ngazi za nyumba yake ya Malindi bila kutweta, amepata neema ya kweli, wala asitiwe hofu na mtu. Kanisa halikuja visiwani hapa kuwa adui wa tiba. Mwezi Desemba mwaka 1860, mapadre na masista kutoka kisiwa cha Réunion, wakiongozwa na Padre Armand Fava, walipofika Unguja, hospitali ilikuwa miongoni mwa kazi zao za kwanza.

MEMA YALIYOKWISHA KUONEKANA

Haki yataka tuanze na mema, nayo yapo. Mnamo mwaka 2008 vituo vya afya vya Zanzibar vilianza kutoa taarifa za malaria kwa simu ya mkononi, na kuanzia mwaka 2012 ukatumika mfumo uliopewa jina la Coconut, yaani nazi. Kwa mara moja wataalamu walitoa jina ambalo hata bibi zetu wangelielewa. Mgonjwa mmoja alipoonekana kituoni kuwa na vimelea vya malaria, taarifa ilimfikia ofisa wa malaria wa wilaya, naye akaenda mpaka nyumbani kwa mgonjwa kuwapima waliomo. Zingatieni neno hilo: akaenda. Kifaa kilimtuma mtu, na mtu akapiga hodi mlangoni. Vyandarua, dawa ya kupulizia kutani na dawa mseto ndivyo vilivyobeba mzigo mkubwa wa kazi ile. Lakini simu ilisaidia kuyafuata masalia ya ugonjwa hadi yalikojificha.

Vivyo hivyo mpango wa Jamii ni Afya, wa Wizara ya Afya Zanzibar pamoja na shirika la D-tree, uliwapa simu wahudumu wa afya wa kujitolea zaidi ya 2,000 katika shehia za Unguja na Pemba, wawatembelee waja wazito na watoto wadogo wakiongozwa na maswali yaliyomo simuni. Hapa pia chombo kilikuwa mikononi mwa mtu mwenye jina, anayejulikana mtaani, ambaye mama anaweza kumwuliza na kubishana naye. Hatuna neno dhidi ya kazi ya namna hiyo. Tunaitaja ili isije ikadhaniwa kwamba tunaona giza tu.

UZI HAUFIKI KWA WOTE

Lakini iko habari nyingine ya hapa hapa kwetu, ambayo wenye kuuza vifaa hupenda kuisimulia nusu. Katika miaka ya 2009 na 2010 ulifanyika uchunguzi katika vituo 24 vya afya vya wilaya 6 za Unguja, ukawahusisha waja wazito 2,550. Jina lake kwa Kiingereza lilikuwa na maana ya akina mama waliounganishwa. Vituo viligawanywa kwa kura. Wanawake wa upande mmoja walipelekewa ujumbe wa simu na kupewa vocha ya kuwapigia wahudumu. Wa upande wa pili walihudumiwa kama ilivyo desturi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2012 na Dk. Stine Lund na wenzake: wanawake 60 katika kila 100 wa upande wa simu walijifungua mikononi mwa mhudumu mwenye ujuzi, na wa upande wa pili walikuwa 47 katika kila 100.

Hiyo ndiyo nusu inayosimuliwa. Nusu ya pili ni kwamba faida ile ilionekana kwa wanawake wa mjini. Kwa wanawake wa shamba haikuonekana.

Hatuhitaji mtaalamu kutoka nje atufasirie. Mwanamke wa Mji Mkongwe akipata ujumbe kwamba siku zake zimetimia, Hospitali ya Mnazi Mmoja iko karibu. Hata kwa miguu, akishikwa mkono na shoga yake, atafika. Mwanamke wa Matemwe au wa Kizimkazi hupata ujumbe ule ule, wenye maneno yale yale matamu, naye yuko peke yake usiku, mume yuko dago, nauli haipo, na gari ya mwisho imekwisha kupita. Simu humpa habari kwamba yumo hatarini, kisha hunyamaza. Basi tunapoambiwa kwamba teknolojia huondoa umbali, tuulize ni umbali wa nani uliokwisha kuondolewa. Yule ambaye tayari alikuwa karibu amesogezwa zaidi, na yule aliyekuwa mbali ameachwa pale pale. Tukiyaita hayo maendeleo ya afya ya umma, tutakuwa tumelitumia neno "umma" vibaya.

Mnazi Mmoja yenyewe inao ushahidi mwingine, nasi twasikitika kwamba waamini wengi hawajausikia. Katika miaka ya 2014 hadi 2016, Dk. Nanna Maaløe kutoka Denmark, pamoja na madaktari na wakunga wa hospitali hiyo, waliandaa kijitabu cha kutia mfukoni chenye mwongozo wa kumhudumia mwanamke aliye katika uchungu. Kazi hiyo iliitwa PartoMa. Mwongozo haukunakiliwa kutoka hospitali za Ulaya. Ulipimwa kwa hali halisi ya wodi ile, ambamo mkunga mmoja hulazimika kuwaangalia wanawake kadhaa kwa wakati mmoja. Nao ulikubaliwa na wakunga wenyewe, wakausoma pamoja katika semina fupi. Watoto waliozaliwa wafu walipungua kutoka 59 katika kila vizazi 1,000 hadi 39. Kijitabu hicho hakikuwa na betri, wala hakikudai kifurushi cha intaneti. Kilimheshimu mkunga kiasi cha kumwuliza: wewe, katika usiku wako, unaweza kufanya nini?

Tunalisema jambo hili kwa wale wanaoshika fedha, wawe wa serikali, wa mashirika ya nje, au wa zahanati zinazoendeshwa na mashirika ya dini, za Kanisa zikiwemo. Kabla ya kununua mashine inayompelekea daktari wa ng'ambo habari za wodi, hesabuni kwanza wakunga waliomo wodini.

GIZA NA UKIMYA

Sisi watu wa Unguja, kuliko wengine wengi, hatuna ruhusa ya kusahau maana ya uzi kukatika. Mwezi Mei mwaka 2008 umeme unaotufikia kwa waya uliolazwa chini ya bahari ulikatika, na kisiwa kikakaa gizani kwa muda wa mwezi mmoja hivi. Mwezi Desemba mwaka 2009 ukakatika tena, na safari hii giza likadumu mpaka mwezi Machi mwaka 2010. Wenye umri wanakumbuka ngurumo za majenereta katika vichochoro vya Shangani, maji yaliyokosekana kwa kuwa pampu hazikuwaka, na hospitali zilizohesabu lita za dizeli. Mtaalamu wa uchumi Alfredo Burlando alizichunguza kumbukumbu za wodi ya wazazi za wakati ule wa kwanza, na mwaka 2014 akachapisha alichokiona: watoto waliokuwa tumboni katika mwezi ule wa giza walizaliwa na uzito uliopungua. Waya mpya ulizinduliwa mwaka 2013, nasi twashukuru. Lakini waya ni waya.

Intaneti nayo ina nyaya zake baharini. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili kubwa, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa kusini mwa Afrika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana. Hiyo ilikuwa ajali. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa, na hiyo haikuwa ajali. Juu ya siku zile mengi yamesemwa na yatasemwa, na machozi ya waliofiwa hayajakauka. Hapa tunataka kuongeza jambo moja ambalo halikuzungumzwa vya kutosha. Kadiri tiba inavyofungwa kwenye mtandao, ndivyo amri ya kuzima mtandao inavyoingia hospitalini bila kupiga hodi. Anayetoa amri hiyo kwa ajili ya kunyamazisha maneno humnyamazisha pia mkunga anayemtafuta daktari bingwa, na hulinyamazisha jokofu la chanjo lililokuwa liseme kwamba joto limepanda. Je, kabla ya kuzima, aliulizwa mganga mkuu yeyote? Twaamini kwamba mamlaka yoyote yenye kujali uhai haina budi kulijibu swali hilo hadharani, na mapema, kabla ya uchaguzi mwingine.

Hatusemi kwamba kwa sababu hiyo vifaa vyote vikataliwe. Twasema kwamba kifaa ambacho uzi ukikatika hakipimi tena, au hakiwezi kumwonyesha kipimo muuguzi aliyekishika, hakifai kununuliwa kwa fedha za umma wa kisiwa hiki. Mashine ipime kwanza, ionyeshe kwanza, ihifadhi kumbukumbu ndani yake. Kupeleka habari mbali kuje baada ya hayo. (Na wataalamu wanaokuja kufunga vifaa hivi wakumbuke pia kuta zetu. Nyumba ya mawe na chokaa, nene kama mkono ulionyoshwa, haipitishi mawimbi ya simu kwa urahisi. Yeyote anayekaa chumba cha chini katika Mji Mkongwe anajua kwamba kupiga simu ni kutoka nje.)

ZAWADI YENYE UFUNGUO UGENINI

Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika mambo ya mashine za hospitali, mwenyeji hakupona kila mara. Mwaka 2011 ulichapishwa uchunguzi wa Perry na Malkin juu ya vifaa vya hospitali 112,040 katika nchi 16 zenye uwezo mdogo: asilimia 38 ya vifaa hivyo vilikuwa havifanyi kazi. Sababu zilikuwa za kawaida, nazo ni ukosefu wa mafunzo, wa usimamizi na matengenezo, na wa miundombinu. Nani asiyejua chumba kile nyuma ya hospitali, chenye mashine zilizofunikwa shuka, bado zikiwa na bango la mfadhili?

Mashine iliyounganishwa huongeza tatizo jipya juu ya yale ya zamani. Ile ya zamani ikiharibika, fundi hodari wa Darajani aliweza kuifungua, akachomelea waya, ikaendelea miaka miwili mingine. Hii ya sasa yaweza kuwa nzima kabisa, haina waya uliokatika wala skurubu iliyolegea, lakini ikakataa kuwaka kwa sababu ada ya mwaka haikulipwa, au kwa sababu kampuni iliyoitengeneza imeacha biashara. Hii si dhana tupu. Kampuni ya Second Sight ya Marekani iliwapandikiza watu zaidi ya 350 katika nchi mbalimbali kifaa cha kuwasaidia vipofu kuona kiasi. Mwaka 2019 iliacha kukitengeneza, mwaka 2020 ikakaribia kufilisika, na wale watu wakabaki na vyuma machoni ambavyo hapakuwa tena na wa kuvitunza. Hao waliishi katika nchi tajiri, penye mawakili na magazeti. Mtu wa Chwaka angemlalamikia nani?

Kadhalika yale matengenezo ya mbali ambayo husifiwa. Mwezi Agosti mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitangaza kwamba betri za moyo zipatazo 465,000 nchini humo, za kampuni iliyokuwa ikiitwa St. Jude Medical, zilikuwa na udhaifu ambao ungemwezesha mtu mwovu aliye karibu kuziingilia kwa mawimbi ya redio. Hazikuhitaji kutolewa kifuani. Mgonjwa alitakiwa aende kwa daktari, programu ya betri ibadilishwe kwa dakika chache. Jambo jepesi, kwa aliyepewa habari na mwenye daktari wa kumwendea. Twauliza tu: kifaa kama hicho kikiwa kifuani mwa mvuvi wa Nungwi, tangazo litamfikia kwa lugha gani, na kwa njia gani?

Tena kuna jambo la ngozi, ambalo si la kupita haraka. Wakati wa ugonjwa wa korona wengi wetu tulikizoea kile kidude cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni katika damu. Mwezi Desemba mwaka 2020 madaktari wa Marekani walichapisha kwamba kidude hicho kilipoonyesha kipimo chema, wagonjwa weusi 11.7 katika kila 100 kwa kweli walikuwa na upungufu mkubwa wa oksijeni, ilhali kwa wagonjwa weupe walikuwa 3.6. Mwanga wa kidude hupita vingine katika ngozi nyeusi, nacho kilisawazishwa zaidi kwa ngozi za wengine. Muuguzi aliye kando ya kitanda hutazama pia midomo, kucha, na namna kifua kinavyohangaika. Daktari wa mbali huletewa namba peke yake, naye huiamini. Ndiyo maana tunakataa ile kauli kwamba mashine ya mtandao itaziba pengo la wauguzi. Bila muuguzi, hata uongo wa mashine hauna wa kuutambua.

SITARA YA MGONJWA

Tumefika mahali ambapo sisi mapadre hatuwezi kunyamaza, kwa kuwa tumekabidhiwa siri za watu na tunajua uzito wake. Padre akiungamisha hana daftari. Alichokisikia hakimpelekei askofu, wala baba wa mwenye kuungama, wala hakimu. Mtu husema kweli kwa sababu anajua kwamba neno lake litaishia pale. Mgonjwa naye humfunulia daktari yaliyofichika kwa imani iliyo ndugu na hiyo. Imani hiyo ikivunjika, ataanza kuficha; na ugonjwa uliofichwa huua.

Majirani zetu Waislamu, ambao ndio wengi wa watu wa visiwa hivi, wana neno ambalo nasi tumelirithi kutoka kwao: sitara. Nyumba za Mji Mkongwe zilijengwa kwa neno hilo. Mgeni hukaribishwa barazani, akapewa kahawa na heshima zote. Ndani ya ua haingii mpaka aitwe, na vyumba vya juu havioni kabisa. Hakuna aliyewahi kuona tabia hiyo kuwa kukosa ukarimu. Basi kifaa kinachovaliwa usiku na mchana, kinachojua mtu amelala saa ngapi, moyo wake umeenda mbio lini, sukari yake ilipanda baada ya karamu ya nani, kimeingia chumba cha juu. Nani alikiita?

Tarehe 30 Januari 2025 mamlaka za Marekani zilitoa onyo juu ya mashine ya kando ya kitanda iitwayo CMS8000, ya kampuni ya Contec ya China, inayopima mapigo ya moyo, presha na oksijeni. Ndani ya programu yake palikutwa mlango wa siri ambao mtu wa mbali angeweza kuutumia. Tena mashine ilipounganishwa na intaneti, habari za mgonjwa zilitumwa kwenye anwani iliyopachikwa humo, bila hospitali kujua. Hapakuwa na habari ya mtu aliyedhuriwa, na haki yataka tuseme hivyo. Lakini mashine hiyo ilikuwa kando ya kitanda, na mgonjwa aliyelala pale alidhani anapimwa tu.

Na pale siri inapotoka, hutoka moja kwa moja. Mwezi Januari mwaka 2019 serikali ya Singapore ilitangaza kwamba majina ya watu 14,200 wenye virusi vya UKIMWI yalikuwa yamemwagwa mtandaoni pamoja na namba zao za simu na anwani. Zaidi ya nusu yao walikuwa wageni. Singapore ni nchi yenye fedha na yenye sheria kali. Sasa fikirini mji wetu, ambamo mtu akinunua dawa Darajani saa nne, saa sita shangazi yake Mkunazini anauliza anaumwa nini. Siri ya mtungi aijuaye kata, walisema wazee. Lakini wao hawakufikiri kata inayosimulia.

Ndiyo maana hata kazi njema ya wahudumu wa shehia inadai uangalifu. Mhudumu ni jirani. Maswali anayouliza ni ya ndani: mimba ya ngapi, zipi ziliharibika, umepimwa virusi. Jibu likiingia simuni, mama ana haki ya kujua linakwenda wapi, linakaa miaka mingapi, na nani mwingine ataliona. Idhini inayopatikana kwa kusema "bonyeza hapa" kwa mtu asiyeisoma lugha iliyoandikwa hapo si idhini, hata kama kidole kilibonyeza.

Bunge la Jamhuri ya Muungano lilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, nayo ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Ni hatua njema. Lakini afya si jambo la Muungano. Kwa hiyo mgonjwa wa Kikwajuni anastahili kuelezwa kwa maneno mepesi kama habari za ugonjwa wake, zilizochukuliwa na mashine ya kituo cha Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, zinalindwa na sheria ipi. Na akidhulumiwa, alalamike katika ofisi gani, ya upande gani wa bahari. Wanasheria waliomo katika parokia zetu wasingoje kuombwa mara mbili. Kazi hii ni yao.

TUNAYOYADAI

Tutaambiwa kwamba watu wanakufa, na sisi tunaweka masharti. Kwamba maskini akipewa hachagui. Kauli hiyo tumeisikia mara nyingi, nayo hutoka vinywani mwa watu ambao wao wenyewe, wakiugua, huchagua hospitali, huchagua daktari, na huchagua nchi ya kwenda kutibiwa. Maskini naye ana mwili mmoja kama wao. Asiyeruhusiwa kuuliza habari za mwili wake amekwisha kunyang'anywa kitu, hata kama alipewa dawa bure.

Kwa hiyo tunawaomba viongozi wa walei, hasa wale mlioteuliwa katika kamati za vituo vya afya na bodi za hospitali, na akina mama wa WAWATA ambao ndio wanaoketi na wagonjwa kuliko sote, mlichukue jambo hili kuwa lenu. Kikao kitakapoletewa habari ya mashine mpya, kabla ya kupiga makofi ulizeni: Je, inafanya kazi intaneti ikizimika, na umeme ukizimika je? Ada yake ya kila mwaka ni kiasi gani, na baada ya mradi kwisha atalipa nani? Kuna fundi Unguja anayeruhusiwa kuifungua, au mpaka aje mtu kwa ndege? Habari za wagonjwa zinahifadhiwa wapi, na je, mgonjwa akikataa zisipelekwe, atatibiwa vile vile? Hilo la mwisho msiliache hata mkiharakishwa. Nanyi mlio katika zahanati za Kanisa, maswali ni hayo hayo, wala asiwepo wa kujibu kwamba mfadhili ni mtu wa sala.

Ulizeni kwa adabu, na majibu yaandikwe katika kumbukumbu za kikao. Kisha yaandikwe tena kwa Kiswahili, kwa herufi ambazo mzee anaweza kuzisoma bila miwani, yabandikwe karibu na dirisha la kupokelea wagonjwa, pamoja na cheo cha mtu wa kuulizwa, siku na saa anazopatikana.